Machozi Wanayonidai

Jumanne, 4 Februari 2025

Tumerudi Mkolani, mimi na Evelina. Nathaniel tumemwacha kwao Sengerema, nyuma ya nyumba ya mama yake, pembeni ya kaburi la baba yake. Siandiki "amelala". Nathaniel hakuwa analala hivyo. Alikuwa analala mdomo wazi, mguu mmoja nje ya neti, na ukimsogeza anakuuliza saa ngapi.

Nyumba iko vilevile. Vyumba viwili, mafriji ya watu sebuleni, na lile la kwetu lililokufa zamani, Nathaniel akalitoa mashine na kulifanya kabati la nguo za mtoto. Fundi friji ambaye mke wake ananunua barafu kwa jirani. Nilikuwa namtania hivyo, na kila nikimtania alikuwa anacheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Asubuhi Evelina amefungua lile kabati, akachungulia, akafunga. Akaenda kwenye friji la mteja, akafungua. Akaenda lingine. Nikamwuliza unatafuta nini. Akasema, baba.

Kweli. Tangu azaliwe, akimtaka baba yake anamkuta kichwa kiko ndani ya friji. Nikamwambia baba hayumo. Akauliza, ametoka? Nikasema ametoka.

Pikipiki ilimgonga akivuka barabara kubwa, mtungi wa gesi ya friji begani. Haya, nimeandika.

Sijalia.


Jumatano, 5 Februari

Apiyo amekuja na uji. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mshonaji, Mjaluo wa Rorya, mtu asiyejua kulizunguka neno. Alitusindikiza mpaka mazikoni. Nikamwuliza, wanasema nini kule? Akasema kunywa uji kwanza. Nikajua ni kubwa.

Wanasema sikumlilia.

Kule kwao — na hata kwao Apiyo — mwanamke akiwa anaenda kwenye msiba analia kuanzia barabarani, kabla hajaliona geti. Ile sauti ndiyo hodi yake. Mimi nilishuka kwenye gari la jeneza, mtoto mgongoni, nikatembea. Wanawake wamejipanga wananisubiri nianze ili wanipokee. Wakasubiri. Mwisho shangazi mmoja akaanza mwenyewe, kwa hasira, kama mtu anayemalizia kazi ya mwenzake.

Baadaye jikoni shangazi huyo akasema (Apiyo alikuwa anachambua mchele pale pale): "Si ndiye huyu analia kwenye video? Mume wa kuazima alimlilia mpaka kamasi. Wetu wa kweli kamtolea macho makavu."

Wakacheka kidogo, anasema Apiyo. Halafu mama mkwe akasema, acheni, hata mimi nimeliona hilo.

Hapo ndipo uji ulipoganda. Maana mama mkwe ndiye aliyekuwa shabiki wangu namba moja. Nilipoolewa alikuwa anazo CD zote za filamu nilizoigiza. Wageni wakija anaweka, anasimamisha picha usoni kwangu, anasema huyu ndiye mkwe wangu, ngoja muone anavyolia. Kwa hiyo wananijua. Kilio changu wanakijua kuliko ninavyokijua mimi. Walikisubiri, hakikuja, wakaona nimewanyima makusudi.


Ijumaa, 7 Februari

Luhaga amepiga. Luhaga ndiye anayetengeneza mchezo wa redio ninaouandikia, ule wa familia ya wavuvi na maji safi na kunawa mikono. Akatoa pole ndefu. Nikajua kinakuja kitu. Akasema, Modesta, usinifikirie vibaya, lakini tuweke mjane kwenye mchezo. Andika unachokijua.

Hicho ndicho nisichokijua.

Mjane wa kwenye mchezo ana maneno. Anashika jeneza, anasema umeniacha na nani. Nimeigiza wajane wengi, najua. Mjane wa kwenye mchezo hana mtoto anayetaka chipsi mazishini. Haulizwi chumvi iko wapi. Mimi nilipoambiwa Nathaniel amekufa, neno la kwanza kunitoka lilikuwa: "Na mtungi?" Ndiyo. Niliuliza mtungi wa gesi. Mtu aliyekuja kuniambia alinitazama, akasema mtungi mzima, shemeji.

Nimwandikie Luhaga hilo? Atasema wasikilizaji hawataelewa.

Nilianza kuigiza nikiwa nimemaliza form four, C ya Kiswahili na mengine tuyaache. Filamu zile za hapahapa Mwanza, mnapiga wiki moja, zinauzwa stendi. Mwongozaji alinitazama siku ya kwanza akasema huyu mpeni maiti. Basi nikapewa maiti. Nikapewa mume mlevi, mama mkwe mchawi, mtoto wa kufa. Wenzangu wanapakwa vitunguu, mimi nalia bure. Kule mjini Nyamagana makondakta waliniita Machozi. "Machozi, panda twende!" Nilikuwa najiona mtu.

Nilipopata mimba ya Evelina mwongozaji akafurahi, akasema tumbo na machozi pamoja itauza. Nikasema hapana. Ilikuwa hapana yangu ya kwanza maishani, sauti ilinitoka kama ya kuku. Nathaniel akaniletea daftari kubwa na kalamu. Akasema wewe unajua kuwafanya watu walie, sasa wafanye waongee. Ndiyo nikaanza kuandika.

Kuandika kunanifaa. Hakuna anayeniangalia uso. Na kazi ni yangu, nikiikosea nimeikosea mimi.


Jumapili, 9 Februari

Revocatus amepiga baada ya misa. Kaka yake Nathaniel, ndiye mkubwa sasa kule nyumbani. Si mtu mbaya. Ndiyo maana linauma zaidi.

Matanga ni tarehe 22. Ukoo utakaa, watagawa nguo za marehemu, watamaliza msiba. Na watazungumza juu ya Evelina.

Nikamwuliza, watazungumza nini juu ya Evelina? Akakohoa. Akasema mama anataka abaki kwake. Wazee wanaona ni sawa. Ng'ombe zetu zilienda kwa baba yako, shemeji, mtoto ni wa kwetu, hilo unalijua. Tungeweza kusema mama yake amlee, lakini wanauliza, huyu mama mwenyewe moyo anao? Hakumlilia mume, atamlea mtoto wa mume?

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, Evelina ananivalisha vifuniko vya soda kwenye vidole vya miguu.

Halafu Revocatus akashusha sauti. Akasema shemeji, nikupe akili. Siku hiyo ukishuka tu, anzia pale barabarani kwenye mkorosho wa shule. Lia. Wewe unajua, ni kazi yako. Lia ile ya kwenye video, mpaka nyumbani. Wakishakuona hivyo watalainika, mimi nitasimama niseme mtoto aende na mama yake, na hakuna atakayepinga.

Akasema kwa wema kabisa. Kama mtu anayekuonyesha njia ya mkato.


Jumatatu, 10 Februari

Baba naye, kutoka Misungwi. Mzee Maige hapigi simu, anapokea. Leo kapiga.

Rudi nyumbani. Mtoto waachie wenyewe. Wewe bado kijana, utazaa wengine.

Alisema hivyo kama anazungumzia masufuria. Nikamwambia shikamoo baba, maana nilikuwa sijamwamkia vizuri. Akasema marahaba. Nikamwambia nyumbani kwangu ni Mkolani. Akasema Mkolani umepanga. Nikasema ndiyo, nimepanga mimi.

Akakata. Labda ni salio.


Alhamisi, 13 Februari

Mama mmoja wa samaki amekuja kuchukua friji lake. Kasimama mlangoni, mkono kifuani, pole mama, pole sana, alikuwa kijana mwema. Nikasema asante. Akalitazama friji. Akanitazama. Akasema, samahani mama — gesi alikuwa ameshaweka?

Nikasema sijui.

Tukalichomeka. Tukakaa wawili tunalisubiri, mkono wa kila mmoja ndani. Likaanza kupoa. Yule mama akasema, Mungu amrehemu, ameweka.

Nilitaka kumwomba aliache hata mpaka kesho. Likabebwa.

Usiku huu redio ya jirani inacheza sehemu niliyoiandika Desemba. Yule mvuvi wangu anamwambia mkewe nitarudi mapema. Niliandika nikiwa nimechoka, nikitafuta tu sentensi ya kumtoa mtu nyumbani. Sitaiandika tena.


Jumapili, 16 Februari

Nimefua. Ovaroli la Nathaniel sijalifua.


Jumatano, 19 Februari

Apiyo kanijia juu leo. Cherehani ameacha na nguo ya mtu chini ya sindano.

"Mama Eva, wewe una akili kweli? Mtu ana kipaji cha kulia halafu anakibania! Mimi ningekuwa na machozi yako ningewalilia mpaka wanipe na shamba."

Nikamwambia si hivyo.

"Ni hivyo. Wanataka maji ya macho, wape maji ya macho. Wewe chukua mtoto uje tukae. Nathaniel amekufa, hawezi kukudai."

Nikasema ndiye peke yake anayenidai. Akafyonza. Halafu akanishika shingo kwa nyuma, akanitikisa kidogo, kama unavyomtikisa mtoto anayegoma kula. Akasema kwetu tunalia kwa sauti mpaka mpita njia anajiunga, na siyo kwamba wote wana uchungu. Wengine wana njaa. Lakini aliyekufa anasindikizwa. Nani kakuambia kilio lazima kiwe cha kweli?

Nikamwambia nguo ya mtu inamsubiri chini ya sindano.

Mchana Evelina amelala, nikasimama mbele ya kioo. Nikasema acha nijaribu, nione kama bado yapo. Sikumaliza hata dakika. Yakaja. Jicho la kushoto kwanza, kama zamani, yakashuka mazuri, yanafuatana, kidevu kinatetemeka chenyewe. Mwongozaji angepiga makofi.

Na ndani hakuna kitu. Nimejitazama nalia, nawaza maharage yataungua.

Nikanawa uso haraka. Nilijisikia kama nimeingiza mwanaume mwingine ndani na ovaroli la mwenyewe bado liko msumarini.


Ijumaa, 21 Februari

Nimempelekea Luhaga sehemu ya mjane. Kapiga ndani ya saa moja. Kasema imeandikwa vizuri sana lakini haiwezekani. Mjane wako haongei, Modesta. Halii. Ukurasa mzima anakunja nguo. Redioni tutamsikiaje? Kimya redioni watu wanafikiri mitambo imekatika, wanahama stesheni.

Nikamwambia weka sauti ya nguo.

Akacheka. Halafu hakucheka. Kasema atafikiria.

Kesho ndiyo kesho. Nimepanga begi: nguo mbili za Evelina, kikombe chake, mkate. Nguo mbili tu, za kwenda na kurudi. Apiyo ameona begi, akasema ongeza, huwezi kujua. Sikuongeza.

Evelina leo nimemwosha kwa muda mrefu. Nyuma ya masikio. Katikati ya vidole. Akasema mama umeshaosha hapo. Nikasema najua.

Kama nitalia kwa uongo na nikarudi naye, nitamwangalia kila siku nikijua nilimpata vipi. Kama sitalia na wakamchukua, sitamwangalia kabisa. Nimeyapanga hivyo kwenye karatasi nikidhani yakiandikwa yataonekana madogo. Hayajaonekana madogo.

Basi. Nathaniel kilio chake kikija, kitakuja. Siwezi kumpelekea cha dukani.

Ila mtoto siachi. Hayo mawili nimeyaamua yote, na hayakai pamoja.


Jumamosi, 22 Februari. Kwenye kivuko

Upepo. Evelina anahesabu kunguru, anaruka kutoka tatu kwenda nane. Mwanamke mmoja amenitambua. Wewe si Machozi? Nikasema nilikuwa. Akafurahi, akataka kupiga picha na mimi. Amepiga. Kaniuliza unaenda wapi, nikasema naenda kwa mama mkwe. Akasema msalimie.

Gati ya Kamanga inakuja, ng'ambo ya Sengerema. Namfunga Evelina mgongoni.


Siku hiyohiyo, Sengerema

Naandikia ndani, chumba alichokuwa analala Nathaniel akiwa kijana. Nje wamekaa. Nasikia viti.

Tulishuka pale shuleni. Wanawake walikuwa wamejipanga kama mara ile. Nilikuwa nimeamua, na bado koo lilijiandaa lenyewe, ni koo lililofundishwa. Nilimwona Revocatus amesimama mbali, ananitingishia kichwa, anza, anza. Evelina mgongoni kimya. Nikafika. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikasema, "Shikamooni."

Hakuna aliyeitika haraka. Halafu kizee kimoja kikasema marahaba, wengine wakafuata, moja moja, kama watu wanaotoa sadaka hawataki. Yule shangazi akasema, "Haya, mmeona." Revocatus akageuka akaenda zake kwenye viti.

Nikaletwa humu. Mtoto akachukuliwa, bibi yake anamtaka. Nikakaa kitandani.

Muda si mrefu mama mkwe akaingia, Evelina amemlalia begani. Kafunga mlango kwa kisigino. Amekonda Mama Getruda, mikono imebaki mishipa. Akakaa kwenye kigoda, mtoto mapajani.

"Umekataa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Revocatus alikwambia?"

"Aliniambia."

"Na kulia unajua."

"Najua."

Akawa anamtengeneza Evelina nywele, hazikuharibika. Halafu akauliza, "Unafanyaje?"

Nilidhani ananisimanga. Akarudia, Kisukuma safari hii, chini chini, kama anaomba maji kwa mtu asiyemjua.

Kasema siku ya mazishi alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, kila mtu alimsikia. Lakini kitenge alichojifunika usoni kilikuwa kikavu. Hakuna hata tone. Na mpaka leo. Amezika mume, amezika watoto wawili wadogo, wote aliwalilia. Huyu ambaye ni kitinda mimba wake macho yamegoma. Mchana wakienda shamba anaweka ile CD yangu. Ananiangalia mimi nalia. Anasema labda itanishika. Haimshiki.

"Nikasema wakutazame wewe," akasema. "Wakikutazama wewe hawanitazami mimi."

Nilitakiwa kukasirika. Nimetafuta hasira nimeikosa, labda itafika kesho.

Nikamwambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. Kwamba siwazi kitu, mama. Unafungua macho, hupepesi, unatazama kitu kidogo, msumari ukutani, mpaka macho yachoke yenyewe. Ukimuwaza aliyekufa hayaji. Kwenye zile video zote sikuwa namlilia mtu.

"Hakuna mtu?"

"Hakuna, mama. Ni macho tu."

Akatafuta msumari. Kuna mmoja juu ya dirisha, Nathaniel alikuwa anatundikia redio, mama kanionyesha. Akautazama. Na mimi nikautazama. Wajane wawili, macho wazi, tunaangalia msumari. Yangu yalianza kujaa nikayafumba. Yeye akatazama, akatazama. Mwisho akasema, "Ni uongo mgumu huu." Na mdomo ukamcheza upande, nusu ya kucheka, akauziba kwa kiganja.

Revocatus akagonga. "Mama, wazee wanasubiri neno lako juu ya mtoto."

"Wasubiri."

"Mama, jua linakwenda."

"Liende."

Revocatus alipotoka mlangoni nikasema. Nilisema nimekaa, kwa heshima, ila nilisema. Mama, wewe ni bibi yake, utamwona likizo, utamwona kila utakapotaka, nitamleta mwenyewe. Lakini leo naondoka naye. Wakubali wasikubali. Sikumlilia mwanao mbele yenu na mtoto wake simwachi.

Alivuta kanga yangu begani kwangu, akamtupia Evelina mgongoni kwake, akaanza kumfunga. Nilishika pindo. Sikukusudia, vidole vilishika vyenyewe. Nikamwuliza, utawaambia nini?

Akasema, "Hata mimi sijui mdomo utasema nini nikifika pale."

Nikaachia pindo.

Ametoka naye. Nasikia wanampisha. Kasalimia, wameitika. Sasa amenyamaza. Mtu amekohoa. Revocatus anasema, haya mama, tunakusikiliza.

Evelina ameamka. Namsikia anauliza, mama yuko wapi. Sauti yake ile ya usingizi. Hakuna anayemjibu. Anauliza tena.

Mama mkwe amejibu, kwa nguvu, kila mtu asikie: "Mama yako yuko ndani. Anakuja kukuchukua."

Wazee hawajapinga. Natafuta viatu